Masikio ya Mzee Komba

Mara ya kwanza kupanda treni ya umeme nilikuwa nakwenda Dodoma kwenye arobaini ya Hamza. Nilikaa dirishani, nimejitanda khanga, na treni ikaondoka Dar es Salaam bila mimi kutambua kwamba imeondoka. Nilidhani jengo la stesheni ndilo linalosogea. Hakukuwa na mshtuko wa mabehewa kuvutana wala mtetemo wa kupanda miguuni, na hata moshi sikuuona. Mama aliyekaa jirani yangu alifumba macho akasema, "Jamani, hii ni raha," na watu wakacheka kwa kukubali. Nami nilitaka kusema neno, lakini mtu niliyetaka kumwambia alikuwa tayari yuko mchangani. Hamza alitumia ujana wake akitusimulia safari hii, katika mji wenye baridi ambako hakuna aliyemwamini, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wasiomwamini.

Mkewe, Bi Mwanaidi, alinikaribisha sebuleni baada ya dua, akanimiminia chai, akaniambia kwamba mwaka wa mwisho wa maisha yake Hamza alikuwa akiaga kwenda Morogoro mara kwa mara na kurudi siku hiyo hiyo. "Nilijua kapata mwanamke," alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Siku moja nikamfuata kimya kimya. Nikamkuta amekaa palepale stesheni ya Morogoro, anakula muhogo wa kuchoma, anangoja treni ya kurudi. Hana mgeni, hana shughuli. Anapanda tu." Nilicheka naye. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mwanamke mwenye haki ya kuuliza, "Na wewe dada, ulijuana naye wapi?" Nikamjibu, "Makambako." Aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika; mimi sikuridhika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masista, upande wa Njombe, na nilikuwa nangoja nafasi ya chuo cha uuguzi ambayo ilikuwa haiji. Mtu aliyemfahamu mtu akaniambia kwamba Bi Zuhura, mwenye mgahawa ulioelekea stesheni ya Makambako, anatafuta msichana wa jikoni. Nikaenda. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mwenye chumba kilichotazama barabara alikuwa amekigeuza duka; sabuni za kunukia zilipangwa dirishani, mitumba ilining'inia hadi kwenye miti ya uzio, na malori yalijipanga kutoka barabara ya Njombe mpaka njia panda. Mji ule ulikuwa wa watu waliotoka mahali pengine. Palikuwa na Wakinga wenye maduka, Wahehe, Wanyakyusa, watu wa pwani wenye malori na kofia zao nyeupe. Kila mtu alikuwa anaelekea mahali, isipokuwa mimi, niliyekuwa nimefika na sikuwa na pa kuelekea.

Chumba changu kilikuwa nyuma, ukuta mmoja na stoo ya mchele. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, msalaba mdogo niliopewa na masista, ambao nilimwomba Bi Zuhura ruhusa ya kuuning'iniza, naye akaniambia, "Ning'iniza, mwanangu, Mungu hana ugomvi na msumari." Bi Zuhura alitoka Pangani. Alikuwa amefuata mume, mume akafariki, yeye akabaki na sufuria zake. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mafuta. Changu kilikuwa cha daftarini. Nilikuwa nikifungua mdomo kusema jambo, nalipanga kwanza kichwani, na nikimaliza kulipanga wenzangu wameshahamia jambo jingine. Kwa hiyo nikawa sisemi. Wateja walidhani nina maringo. Siku za gulio wanawake wa kijiji cha Kitandililo walileta viazi, na mimi nilikuwa najitolea kwenda kununua, hata kama gunia la ndani halijaisha, ili tu mtu anisalimu "Kamwene" na mimi niitike kwa lugha ya nyumbani, isiyohitaji kupangwa. Nikirudi nilikuwa najifungia stoo kidogo, kati ya magunia, mpaka uso ukauke.

Kitu cha kwanza kunizoea mjini pale kilikuwa treni. Hiyo ndiyo kweli, ingawa wajukuu wangu huicheka. Reli ilipita ng'ambo ya barabara, na kichwa cha dizeli kikisimama stesheni kikiwa kinaunguruma, ukuta wa chumba changu ulitetemeka, nami nikiegemea nilitetemeka nao, kama mtoto aliyebebwa mgongoni na mama anayeimba. Treni za kutoka Mlimba zilikuwa zinapanda mlima mrefu, na ukizisikia kwa mbali zilikuwa zinalalamika, kisha zinanyamaza nyuma ya kilima, kisha zinatokea tena zikiwa karibu na zenye hasira. Zilituletea nazi. Bila treni hakukuwa na mchuzi wa Bi Zuhura. Nikajifunza kujua, kwa sauti tu, kama inayokuja ni ya mizigo au ya abiria, na kama imechoka.

Aliyeniambia kwamba kuipenda treni hivyo ni ugonjwa ni Mzee Komba. Alikuwa dereva wa treni, Mngoni wa Songea, mtu mfupi mwenye mabega mapana, na mke wake alikuwa huko kwao akimlindia nyumba. Akiwa zamu Makambako alikula kwetu mchana. Alikaa meza ya pembeni, iliyoelekea reli, hakubali nyingine. Siku moja treni ilikuwa inapanda, nami nikasimama mlangoni na ufagio mkononi bila kufagia, nikisikiliza. Aliponiona akasema kwa sauti kubwa, maana daima alisema kwa sauti kubwa, "Na wewe pia, binti? Basi umekwisha. Mtu akishaipenda dizeli hapati dawa." Nikacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nifike.

Mpinzani wake alikuwa Hamza. Hamza alikuwa fundi wa karakana, kijana wa Kondoa, mwembamba, mwenye koti zito la nchi za baridi ambalo Makambako lilimfaa kuliko mtu yeyote. Alikuwa amesomea Ujerumani Mashariki, na alichosomea kilikuwa vichwa vya treni vya umeme. Alirudi nyumbani akakuta hakuna hata kimoja, akapewa spana na kupelekwa kwenye dizeli. Kisha ile nchi yenyewe aliyosomea ikafutika kwenye ramani. "Nina cheti cha nchi isiyokuwepo, cha kazi isiyokuwepo," alikuwa akisema, akitabasamu, na watu walicheka, lakini mimi niliyekuwa nikiwapakulia niliona jinsi alivyotazama sahani baada ya kusema.

Mabishano yao yalikuwa chumvi ya mchana wetu. Hamza angesema kwamba kule dereva anavaa shati jeupe na analirudisha nyumbani likiwa jeupe, kwamba unasikia magurudumu tu, na chai haimwagiki. Mzee Komba angeweka kijiko chini. "Treni isiyonguruma itamwonyaje ng'ombe? Itamwambiaje mkulima kule bondeni kwamba saa zimekwenda? Dizeli inakuaga ikiondoka, inakupigia hodi ikirudi. Hiyo yako inapita kama mwizi." "Mzee, dizeli inakunywa mafuta kama mlevi wa ulanzi, na inakutia moshi kifuani." "Na inapanda mlima! Nimepanda nayo mlima wa Mlimba mvua ikinyesha, reli zinateleza, nikaiambia taratibu, taratibu, nayo ikanisikia. Umeme unamsikia nani?" Hapo Bi Zuhura angetokea jikoni na mwiko mkononi. "Umeme, umeme! Taa yangu ya jikoni haimalizi jioni moja, nyie mnataka kuvutia mabehewa. Kuleni, wali unapoa." Meza zote zilicheka. Mimi nilikuwa upande wa Mzee Komba, ingawa hakuna aliyeniuliza. Na nilikuwa nampenda Hamza, ingawa hilo nalo hakuna aliyeniuliza.

Sasa najua kwamba wote watatu tulikuwa tunafanya kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa ameshika sauti fulani, au ukimya fulani, ili asisikie jinsi alivyo peke yake. Wakati ule sikulijua hilo. Nilichoona ni kwamba Mzee Komba alikuwa haangalii nje treni inapokaribia. Alikuwa anaangalia chai yake. Kiganja chake kilikuwa kimelazwa mezani, bapa, kama mtu anayetuliza mnyama. Chai ikianza kupiga vimawimbi kikombeni, ndipo angeinua kichwa na kutangaza, "Haya, huyo anakuja." Na sisi tulikuwa tumeshamsikia zamani. Nilidhani ni mchezo wake. Siku nyingine nilimuuliza kutoka nyuma kama anaongezewa maharage, hakuitika, nikadhani ana mawazo. Watu wote wa reli walikuwa na mawazo mwaka ule. Mizigo ilikuwa inahamia kwenye malori, na neno "kupunguzwa" lilikuwa linatembea kutoka meza hadi meza kama nzi.

Ilikuwa mchana wa mvua nyembamba, ile ya kwetu isiyonyesha wala kukatika, na mgahawa ulikuwa hauna mteja ila Mzee Komba. Hamza aliingia akiwa amelowa, hakuvua koti. Alisimama nyuma ya Mzee Komba. Akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mwenzake, "Mzee Komba." Mzee alikuwa anachambua samaki. "Mzee Komba," akarudia. Bi Zuhura akaacha kukoroga. Hamza akasema mara ya tatu, sasa sauti ikimtetemeka, "Baba, unanisikia?" Mzee akatoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani, akaendelea kula. Mimi nilikuwa mbele yake. Aliponitazama aliona uso wangu, akageuka polepole, akamkuta Hamza pale.

"Nani kasema nini?" aliuliza.

Hamza akavuta kiti akakaa mbele yake, ili midomo yake ionekane. Akamweleza kwamba vibarua wa njia walikuwa wamepuliza filimbi kwenye kona, msaidizi wake kwenye kichwa cha treni akawa anamkazia macho, naye mzee akapita bila kupunguza mwendo. Vibarua walikuwa wameruka kando. Hakuna aliyeumia. Msaidizi wake alikuwa anamheshimu kiasi cha kushindwa kusema kwa wakubwa, akamwambia Hamza. "Mimi sitakwenda kukusema, mzee wangu," Hamza alisema. "Utakwenda mwenyewe. Lakini usipande tena kile kichwa kabla hujaenda."

Mzee Komba alisimama, akagonga meza, chai ikamwagika. "Wewe na umeme wako! Mnataka tuondoke wote mbaki nyie na makoti yenu!" Akatoka kwenye mvua bila kofia. Hamza alibaki pale, viwiko mezani, na sikumbuki kama alikula. Bi Zuhura ndiye aliyefuta chai.

Mzee Komba hakuja kula kesho yake, wala siku zilizofuata. Bi Zuhura akafunga wali na mchuzi kwenye sufuria ya mfuniko, akanitia kitambaa mkononi, akaniambia, "Mpelekee. Wewe huna maneno mengi, hatakuogopa." Aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, ng'ambo ya reli. Nilisikia redio yake kabla ya kufika uwanjani. Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, sauti imechanika, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akanitazama akatikisa kichwa. Ndani palikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kitanda kimetandikwa kama cha bweni, sare ya kazi imening'inizwa, viatu vimepakwa rangi. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea redio, kama mimi nilivyoegemea ukuta wangu.

Nilipozima redio hakushtuka kwa ukimya. Alishtuka kwa mgongo. Alikula kidogo. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, kwamba ilianza zamani kama mbu sikioni, kwamba aliamini itapita, na kwamba kitu cha mwisho kubaki kilikuwa ngurumo ya kichwa chenyewe. Sauti za watu zilikwenda kwanza, kisha ndege, kisha kengele ya kanisa. "Nikawa nasikia dizeli tu," alisema. "Nikasema, hainidhuru. Ndiyo niliyoitaka. Sasa nayo siisikii, Imelda. Naihisi kwa miguu. Kiti kikitetemeka najua. Lakini sauti haimo." Akanitazama mdomo, akingoja jibu. Nikamshika mkono, mkono mzito wenye mafuta meusi kwenye mikunjo ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Akasema, "Nisindikize hospitali. Nikienda peke yangu nitaitikia ndiyo kwa kila kitu."

Tulikwenda hospitali ya misheni, yeye amevaa koti la Jumapili. Daktari alikuwa mtu mpole. Aligonga goti lake kwa kichuma chenye pembe mbili, akakiweka nyuma ya sikio la mzee, akauliza kama anakisikia, na mimi nikarudia swali kwa sauti, karibu na shavu lake. Wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi walisikia kila kitu. Mwishowe daktari akanitazama mimi, hakumtazama yeye, akasema taratibu kwamba kilichoharibika ndani hakitengenezeki, kwamba ni kelele za miaka mingi, na kwamba asiendeshe tena. Nilikuwa nimelelewa nisimpe mkubwa habari mbaya. Kwetu habari kama hiyo hubebwa na wazee, baada ya chakula. Mzee Komba alikuwa ananitazama midomo. "Kasemaje?" Nikainama sikioni mwake nikasema kwa nguvu, "Hayatarudi, baba." Naona alinielewa tangu nilipofungua mdomo, lakini alisema, "Sema tena." Nikasema tena. Sijawahi kuwa mpweke kama wakati ule, nikiwa nimegusana shavu na mtu.

Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wake, kama Hamza alivyomwomba, na akarudi kula mezani petu. Hamza akasimama alipomwona. Mzee akamtazama muda, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Haya, kaa. Nieleze habari za huo umeme wako. Sema polepole, nione mdomo." Hamza akaanza kueleza, akashindwa, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mzee Komba akamsogezea sahani ya samaki.

Kabla ya mvua kubwa kuisha Hamza naye alipunguzwa. Aliambiwa pamoja na wenzake kadhaa wa karakana, asubuhi, na jioni alikuja kutuaga akiwa na sanduku lake la vitabu vya Kijerumani. Bi Zuhura alimpikia pilau. Nilimpakulia, nikampelekea maji ya kunawa, nikasimama karibu naye na jagi mikononi. Akaniuliza kama chuo kimeleta jibu. Nikasema bado. Akasema, "Kitaleta." Nilingoja aseme jambo jingine, na nadhani naye alingoja nimpe sababu ya kulisema. Kisha akakausha mikono. Miaka mingi baadaye, tulipopatana tena kwa simu, tulikuwa tunatumiana salamu za Idi na Krismasi, na hatukulitaja kamwe lile jagi la maji.

Mzee Komba aliondoka wa mwisho. Basi la Songea lilikuwa bado halijafika, sanduku lake liko chini ya mti barabarani Bi Zuhura akililinda, na treni ya abiria ilikuwa imesimama stesheni. Akanivuta mkono. "Twende tukaiage." Tukasimama kwenye jukwaa, katikati ya watu wenye vikapu na kuku. Kichwa kilikuwa karibu nasi, kinahema. Alivua kofia, akaweka kiganja kwenye nguzo ya taa, akahisi, akatikisa kichwa. Nguzo haikumwambia kitu cha kutosha. Akainamisha sikio lake la kulia kwangu. "Inasemaje?" aliuliza.

Nilimgeukia aone mdomo, nikamwambia inanguruma. Akakunja uso. "Hapana, usinieleze. Iseme yenyewe."

Niliwatazama watu. Mwaka mzima nilikuwa sijainua sauti katika mji ule. Nikaweka mdomo sikioni mwake, ahisi mtetemo, nikaanza, chini kwanza, kooni, jinsi inavyofanya ikiwa imesimama. Honi ikalia, nikalia nayo. Mabehewa yakavutana, nikagonga bega lake, moja baada ya jingine. Ikaanza kuondoka, nami nikapandisha, nikalalamika, nikakoroma, mate yakanitoka, na watoto wakacheka, na mwanamke mmoja mwenye kuku akasema, "Masikini, binti mzuri hivyo, ana nini?" Mzee Komba alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevuliwa mzigo. "Taratibu," alisema. "Taratibu, hapo kuna kona." Nikapunguza. Behewa la mwisho likapita, likawa dogo, likazama nyuma ya kilima. "Sasa imefika wapi?" akauliza, macho bado kayafumba.

Mimi sikuwa nasikia kitu tena. Nikavuta pumzi, nikaendelea kunguruma.